Fungua Dirisha Kwanza, Klorini Baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amekuta stoo dumu la klorini la lita 5, limebaki nusu tangu 2020 tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona. Anauliza mambo mawili: je, bado linafaa? Na ikitokea tena kama ile, nyumba ya watu sita wenye choo kimoja ianzie wapi?

La kwanza halina mjadala. Mwaga. Klorini ya maji huisha nguvu hata dumu likiwa limefungwa, na joto na mwanga huiharakisha. Kwa miaka yote hiyo kilichobaki humo hakina tofauti kubwa na maji ya chumvi. Imwage kidogo kidogo kwenye bomba la maji machafu huku maji mengi yakitiririka, na usiimwage mahali palipotoka kupita dawa nyingine ya choo. Sababu nitaifikia.

La pili ndilo lenye maneno, na tukiri kwanza. Mwaka ule wengi tulipiga deki mpaka kuta. Tukafuta vitasa, tukafuta pakiti za unga, tukafuta soli za viatu. Halafu jioni ikifika, madirisha yote yanafungwa, tunajazana sebule moja mbele ya televisheni na mtu mmoja anakohoa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, lakini ilikuwa 2021 ndipo lilipoandika waziwazi kwamba kirusi hiki husambaa pia kwa hewa ya ndani isiyopita vizuri. Kufuta meza hakukuwa kosa. Kosa ni kumaliza nguvu zote kwenye meza na kuisahau hewa.

Kwa hiyo dirisha kwanza. Dirisha moja likifunguliwa, hewa huzunguka palepale. Mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango wa nje, ndiyo yanayoisukuma itoke. Chumba cha mgonjwa hakifuati kanuni hiyo: dirisha lake wazi, mlango wake umefungwa. Feni ukiwa nayo, iweke karibu na dirisha ikitazama nje, ili ivute hewa ya chumba na kuitupa nje. Feni inayompulizia mgonjwa usoni huku imeelekea mlangoni inafanya kazi ya kuwagawia wengine.

Namna ya kupima ni rahisi. Chana kipande chembamba cha karatasi laini ya chooni, urefu wa kiganja, ukishike kwenye upenyo wa chini ya mlango wa mgonjwa, wewe ukiwa koridoni. Karatasi ikivutwa kuingia chumbani, sawa. Ikipepea kuja kwako, hewa ya mgonjwa inatoka na kuja kwenu. Hapo fungua zaidi madirisha ya upande wenu, geuza feni itazame nje, pima tena, kisha ziba upenyo kwa kitambaa. Upepo ukibadilika jioni, matokeo nayo hubadilika, kwa hiyo si jambo la kupima mara moja na kusahau.

Kama chumba cha peke yake hakuna, na nyumba nyingi hakuna, mgonjwa apewe kona iliyo karibu na dirisha, angalau mita 1 kutoka kitanda cha mwingine, na walale miguu ya huyu ikielekea kichwa cha yule. Ni afadhali kuliko kukata tamaa na kulala wote mkeka mmoja.

Mhudumu awe mmoja, si zamu. Kila mtu akitaka kuonyesha mapenzi kwa kuingia na uji, mmeongeza idadi ya watakaougua. Asiwe mzee, wala mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu. Akiingia, yeye na mgonjwa wote wavae barakoa, ishike pua mpaka chini ya kidevu. Barakoa iliyolowa mate au jasho imekwisha kazi. Ibadilishwe, na ishikwe kwenye kamba, si mbele. Ya kitambaa, kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2020, ni tabaka tatu: pamba ndani, ya kuchuja katikati, na nje kitambaa kisichonyonya maji. Watoto wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe.

Chakula kiwekwe kwenye sinia mlangoni, mhudumu arudi nyuma, mgonjwa afungue achukue. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, basi. Havihitaji kutupwa wala kuchomwa. Shuka zisikung'utwe. Zikunjwe kuelekea ndani, ziende moja kwa moja kwenye beseni lenye sabuni na maji ya moto, zikaushwe kabisa. Choo kikiwa kimoja, mgonjwa aende wa mwisho kuoga, afunike choo kabla ya kuvuta maji, aache dirisha wazi, na anayefuata asubiri kwanza kabla ya kuingia. Mswaki wake usikae kikombe kimoja na ya wengine. Hili watu hulisahau kila mara.

Sasa klorini. Soma chupa kwanza, kwa sababu nguvu hazilingani. Ya asilimia 5, kwa kufuta meza, vitasa na swichi, unahitaji mililita 20 kwenye maji yanayotimiza lita 1, yaani vijiko vinne vya chai. Ndoo ya lita 10 ni mililita 200. Ya asilimia 3.5 ni vijiko sita vya chai kwa lita. Hiyo inakupa asilimia 0.1. Palipo na matapishi, kinyesi au damu, tumia kali zaidi: mililita 100 za ile ya asilimia 5 na mililita 900 za maji.

Inakoharibika ni hapa. Watu huchanganya na maji ya moto, na joto huivunja klorini kabla haijafanya kazi. Hupaka juu ya uchafu, na uchafu huinywa klorini yote. Osha kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo upake. Hupaka na kufuta hapohapo, wakati inatakiwa ikae ikiwa mbichi angalau dakika moja, na ukiweza iache mpaka ikauke yenyewe. Huiweka kwenye chupa inayopitisha mwanga dirishani, jua likaimaliza. Changanya ya siku hiyo, kesho uchanganye nyingine. Na chupa ya soda isiwe chombo chake hata kwa saa moja kama nyumba ina mtoto.

Sababu niliyoahidi: klorini ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi inayounguza mapafu. Ikikutana na amonia, ikiwemo ya mkojo uliotuama, hutoa gesi nyingine mbaya vilevile. Anayedhani akichanganya dawa mbili anapata usafi mara mbili, ataishia nje akishika kifua. Msimpulizie mtu klorini, msioshee mboga, msinywe. Mikono inatosha sabuni: sekunde 40 hadi 60, pamoja na ncha za vidole na kidole gumba, ambacho karibu kila mtu hukiruka. Kitakasa mikono kiwe na kilevi cha asilimia 60 au zaidi, na usikifute kwa nguo kabla hakijakauka.

Siku za kuhesabu kabla mgonjwa hajaacha kujitenga zilizua ugomvi kuliko rimoti. Mwanzoni mgonjwa alisubiri vipimo viwili vya kuonyesha hana kirusi, vilivyoachana angalau saa 24. Tarehe 27 Mei 2020 maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yakabadilika: siku 10 tangu dalili ya kwanza, kisha angalau siku 3 zaidi bila dalili. Aliyeumwa siku 2 alitoka baada ya siku 13. Aliyeumwa siku 14 alitoka baada ya 17. Asiye na dalili alihesabu 10 tangu siku aliyopimwa. Waliokaa naye, wao walihesabu 14, na hapa ndipo hesabu ilipowapotea watu: ilianza siku ya mwisho waliyokutana naye bila kinga, si siku ya kwanza. Waliolala naye chumba kimoja walikuwa hawajaanza kuhesabu bado. Andikeni tarehe ukutani, kila jina na yake.

Kipimo cha oksijeni cha kidole kiliwatisha watu bure, na wengine kikawapa moyo wa uongo. Kinaonyesha namba mbili. Moja ni oksijeni, imeandikwa SpO2 na alama ya asilimia. Nyingine ni mapigo ya moyo. Mtu ameona 84 ya mapigo akaita jamaa wote waje kuaga. Kaa umetulia dakika 5, pasha kidole joto, ondoa rangi ya kucha, usiongee, subiri namba itulie, andika na saa. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa mapafu, 95 kwenda juu ni kawaida. Ikishuka hadi 94, piga simu kwa mhudumu wa afya. 90 kushuka ni dharura, usingoje kukuche. Na kwa ngozi nyeusi kifaa hiki kinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi, kwa hiyo mwili wa mgonjwa uaminiwe kuliko kioo. Asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, anayechanganyikiwa, au midomo iliyobadilika rangi, apelekwe hata kama namba ni nzuri. Jicho liwe kali wiki ya pili. Wapo walioanza kucheka siku ya sita, ya tisa wakabebwa.

Kwa homa ya mtu mzima, parasetamoli za miligramu 500 ni mbili kwa mara, kila saa 6, zisizidi nane kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukijumlisha bila kusoma boksi, ini ndilo linalolipa. Antibayotiki haiui kirusi. Na kujifukiza chini ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka hakuui kirusi kilicho mwilini, ila kumeunguza watoto. Jamani, hili tuliache.

Shule. Zilipofungwa, zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 walirudi nyumbani karibu kwa mpigo. Simu moja kwa watoto watatu haigawiwi kwa aliyelia zaidi. Somo la moja kwa moja lipewe saa yake kwanza, kwa sababu halisubiri. Masomo yaliyorekodiwa yapakuliwe usiku, yasikilizwe mchana simu ikiwa haina intaneti. Picha zizimwe, sauti ibaki, bando litadumu. Mdogo asubuhi, mkubwa baada ya mchana, na simu ichajiwe kati ya vipindi, si mtoto akiwa ameinama ukutani na waya. Mzazi anayefanya kazi palepale aweke ishara moja ambayo mtoto asiyejua kusoma anaielewa, kama kanga kwenye kitasa: ikiwepo, usibishe hodi mpaka pawe na damu au moshi. Na ikiondolewa, mtoto asikilizwe kweli. Ishara ikidanganya mara mbili, imekufa.

Neno kwa waliofungiwa na mtu anayewapiga. Tarehe 5 Aprili 2020 António Guterres wa Umoja wa Mataifa aliomba ukatili usitishwe majumbani, kwa sababu kwa wengine nyumbani ndipo palikuwa hatari. "Kaa ndani" si amri ya kukaa na kipigo. Vitambulisho, dawa na nauli vikae mfuko mmoja, na jirani mmoja ajue neno mtakalokubaliana, ambalo likitumwa tu, anakuja kugonga kwa kisingizio cha kuazima kitu.

Dada uliyeniandikia: dumu likishakuwa tupu, lisuuze mara kadhaa, lakini usilitumie kwa maji ya kunywa. Libandike karatasi, libaki la kudekia choo.