Siklidi wadogo kwenye tangi lenye mimea hapa Bukavu: jozi moja inatosha

Ndugu yangu wa Kadutu, umeuliza kama tangi lako la lita 120 lenye mimea linaweza kubeba ramirezi wawili, kribensi wawili na apistograma wawili, ambao wote ni siklidi, jamii ya samaki wa maji baridi wanaolinda eneo lao, pamoja na kundi la gapi, samaki wadogo wanaoogelea juu yao. Nafuga siklidi wadogo hapa Nguba mwaka wa tisa sasa, na nimezika samaki wengi kwa sababu ya mpango kama huo. Weka jozi moja tu. Na usiichague kwa rangi uliyoiona kwenye picha, angalia kwanza maji yako na baridi ya mji wetu.

Ugomvi wote uko chini ya tangi. Aina hizo tatu za siklidi wanakaa chini na kutaga chini, na kila jozi hushika eneo lake na kulilinda. Tangi lako lina urefu wa sentimita 80 hivi. Jozi ya kribensi yenye mayai huona zaidi ya nusu ya urefu huo ni yake. Mimi niliwaweka kribensi na ramirezi pamoja wakiwa wadogo, na miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya amani kabisa, hata nikawaita majirani waje kutazama. Kisha tumbo la jike la kribensi likawa jekundu la zambarau, akamvuta dume kwenye chungu kilichopasuka, na siku ya tatu ramirezi wote wawili walikuwa wamebanwa kwenye kona ya juu nyuma ya chujio, mapezi yamechanika. Samaki aliyefukuzwa namna hiyo hali tena. Unamwona anafifia rangi siku kwa siku, na inauma kumtazama.

Halafu kuna joto. Ramirezi ni wa nyanda za Venezuela na Kolombia, anataka nyuzi 27 hadi 30. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Nyumbani kwangu, bila kipasha maji, tangi hutulia kwenye nyuzi 20 au 21, na umeme unajua mwenyewe unavyokatika. Ulipokatika siku mbili mfululizo, nililizungushia tangi mablanketi na kuweka ndani chupa za maji ya moto zielee usiku kucha. Ramirezi walikufa wote. Kribensi, ambao kwao ni vijito vya kusini mwa Nigeria na magharibi mwa Kamerun, walijificha tu kwenye chungu, na umeme uliporudi wakatoka wakaanza kula. Wao hupendelea nyuzi 24 hadi 26, lakini huvumilia kushuka kwa muda. Kwa hiyo kwa Bukavu nakushauri kribensi, Pelvicachromis pulcher, bila kusita. Dume hufika sentimita 10, jike hubaki mdogo zaidi na ndiye mwenye rangi nzuri.

Kuhusu maji, usiteke ziwani kwa ajili yao. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi za volkano, ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) inakaribia 9. Kribensi anapenda maji laini, pH 6 hadi 7 na kidogo. Mvua tunayo ya kutosha, basi itumie: acha paa lioshwe kwanza na mvua ya mwanzo, ndipo ukinge, na kama mabati ni mapya usikinge kabisa, kwa sababu zinki yake huua samaki. Mvua peke yake pia haifai, maana haina kitu cha kuishikilia pH, inaweza kuanguka ghafla. Mimi nachanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyokaa siku nzima wazi, na nabadilisha robo ya tangi kila wiki.

Hiyo pH ina jambo jingine ambalo lilinishangaza. Kizazi changu cha kwanza kilikua kwenye maji ya pH 6, na karibu wote wakatoka madume. Ndivyo kribensi walivyo: maji yenye asidi huzaa madume wengi zaidi, na pH ikipanda majike huongezeka. Tangu hapo nalenga 7, na vifaranga hugawanyika vizuri.

Mimea hawali, ila huchimba. Anubiasi ndiyo rafiki yako, nayo ni mmea wa Afrika kama wao: ifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi, usizike shina lake. Valisneria, mmea wa majani marefu kama nyasi, ipange nyuma, na mashina yake uyazungushie vijiwe. Chungu kilaze, mdomo uwe mdogo na uelekee ukutani. Gapi waache, wanaishi juu na pH 7 inawafaa, ila watoto wao wataliwa. Koridora, kambare wadogo wa mapambo, usiweke. Huzurura chini usiku, wanaingia kwenye vifaranga, na kribensi huwashambulia hadi machoni.

Kuna atakayekuambia uvue tu siklidi wetu wa Kivu, kwa kuwa hawalipiwi. Nilijaribu. Siklidi hao wa ziwa letu, haplokromi, ni wazuri mno na ningependa watu wawajue zaidi, lakini waling'oa valisneria yangu yote na dume mmoja akawaua wenzake. Wanahitaji tangi kubwa la mawe, peke yao.

Kama maji ya ziwa ndiyo pekee unayoyapata, basi achana na kribensi, mwombe mtu wa Uvira akuletee Neolamprologus brevis wa Tanganyika. Ni wadogo sana, jozi hukaa kwenye kombe moja la konokono, na maji magumu ndiyo yao. Weka mchanga, makombe matupu na anubiasi kwenye mawe. Lakini wao na kribensi kwenye tangi moja, hapana, maji ya mmoja ni mateso ya mwingine.

Kabla ya kununua chochote, pima pH ya bomba lako na usome kipimajoto alfajiri, siyo mchana. Niandikie namba hizo mbili, tutaangalia pamoja uchanganye kiasi gani cha mvua.