Umeme wa chumba kipya uanzie kwenye boksi la breka

Tulipomwongezea mama mkwe chumba nyuma ya nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro, fundi umeme aliona swichi ya taa ya koridoni iko karibu, akavuta waya kutoka pale. Kazi ya nusu siku, bei nafuu, nami nikamshukuru.

Miezi miwili haikuisha. Jioni moja mama alikuwa anachemsha maji kwenye birika la umeme, binti yangu anapiga pasi humo humo chumbani. Mama akaita, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua!" Nikakimbilia meni switchi, nikazima. Tulipofungua ile swichi ya koridoni, tepu nyeusi ilikuwa imeyeyuka na kugandana na waya, na plastiki ya boksi imekuwa ya kahawia.

Fundi wa pili, huyu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, alinipigia hesabu ukutani kwa penseli. Birika wati 2,000, pasi wati 2,000. Gawanya kwa volti 230, unapata zaidi ya ampea 17. Na mzigo wote huo ulipita kwenye waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni waya wa taa. Breka ya taa ilikuwa ya ampea 10, na ilikuwa inakata kila mara. Nilipolalamika, fundi wa kwanza akaja akaweka ya 32. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita! Breka kazi yake ni kulinda waya. Ukiipandisha ukaacha waya ule ule, waya unaungua na breka imetulia.

Kwa hiyo chumba kikivutiwa umeme, soketi zipate laini yao kutoka kwenye boksi la breka: waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Taa zibaki na 1.5 na breka ya 10. Hita ya maji ya kuogea isichangie laini na kitu chochote. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ufike kila soketi, na uwepo ulinzi wa kukata umeme unapovuja, wa miliampea 30. Ule una kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara.

Kilichoniuma zaidi ni kutindua ukuta uliokwisha kupigwa lipu na rangi. Mabomba ya waya yalazwe kabla ya lipu, yanyooke wima au mlalo, yasikate mshazari, maana siku utakapopigilia msumari wa pazia hutajua yamepita wapi. Maungio yawe ndani ya maboksi tu. Ongeza bomba moja tupu la akiba.

Kabla ya lipu, piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imewekwa pembeni. Za kwetu nimezichapisha, ziko kwenye bahasha ya nailoni chini ya boksi la breka.