Kwa nini atomu hushirikiana elektroni

Ndugu, umeuliza kwa nini atomu zishirikiane elektroni badala ya kila moja kubaki na zake. Atomu mbili za haidrojeni zinapokaribiana, elektroni ya kila moja huanza kuvutwa na viini vyote viwili, na nishati ya jozi hiyo nzima huendelea kushuka hadi viini vinapokuwa umbali wa pikomita 74 hivi (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Vikisogeleana zaidi ya hapo, husukumana. Kushuka huko kwa nishati, kunakoziacha atomu zikiwa tulivu zaidi, ndiko sababu yenyewe, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi hukaririshwa tu kanuni ya elektroni nane, yaani kwamba atomu hutafuta kuwa na elektroni nane katika ganda lake la nje. Kuuvunja muungano huo wa haidrojeni huhitaji takribani kilojuli 436 za nishati kwa moli, yaani kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe. Katika methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia inayofika hapa Dar es Salaam kutoka Songo Songo, atomu moja ya kaboni hushirikiana jozi nne za elektroni na atomu nne za haidrojeni.