Mimba ya kwanza, wiki ya 18: tumbo halionekani na mtoto hachezi

SWALI: Shikamoo nesi. Nina miaka 22, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na hii ni mimba yangu ya kwanza. Hedhi ya mwisho niliiona tarehe 28 Januari na leo ni tarehe 3 Juni, kwa hiyo niko mwezi wa tano. Tumbo halionekani hata nikivaa sketi ya kubana, na mtoto sijamsikia kucheza. Kliniki nimehudhuria mara mbili, wanasema sina shida. Mama mkwe anasema mimba imeingia mgongoni na mtoto amelala. Kuna bibi anayekanda tumbo na kutoa dawa ya kunywa ya kumwamsha mtoto, anataka elfu ishirini. Niende?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiende.

Hesabu ndiyo iliyokutisha. Umehesabu vidole: Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, ukapata mitano. Lakini Januari yenyewe ulibakiwa na siku tatu tu. Kutoka tarehe 28 Januari hadi leo ni siku 126, yaani wiki 18 kamili, na tarehe ya makadirio ya kujifungua ni 4 Novemba. Kliniki tunahesabu wiki kwa sababu hiyo hiyo: miezi ya vidole humwongezea mtu karibu mwezi mzima, halafu anaanza kumtafuta mtoto wa wiki 22 kwenye tumbo la wiki 18. (Kama ulikuwa umetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango na hedhi ilikuwa haijatulia, hata hii hesabu ya tarehe isiaminiwe sana. Fanya altrasaundi kabla ya wiki 24, wakati bado inakadiria umri vizuri.)

Mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida humsikia mtoto kati ya wiki 18 na 22. Aliyekwisha kuzaa huwahi, hata wiki ya 16, kwa sababu anakijua anachokisikia. Wewe utakachosikia mwanzoni si teke. Ni kama mapovu ya soda yanayopasuka chini ya kitovu, na wengi hudhani ni gesi wakaipuuza. Mtoto wako sasa ana gramu 200 hivi. Anarusha miguu kila siku, ila hana nguvu ya kukushtua. Kondo la nyuma likiwa limejishika ukuta wa mbele wa kizazi, linakaa kati yake na ngozi ya tumbo lako, na hapo unaweza kuchelewa wiki kadhaa zaidi. Wiki ya 24 ikifika hujasikia chochote, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na tumbo? Misuli ya tumbo lako haijawahi kutanuliwa na mimba, bado imekaza. Kizazi hutokeza juu ya mfupa wa kinena kuanzia wiki ya 12, wiki ya 16 kiko katikati ya kinena na kitovu, na kitovuni kinafika kati ya wiki 20 na 22. Yako inapaswa kuwa chini kidogo ya kitovu, na mkunga anaipapasa akiwa amekulaza chali, kibofu kikiwa kitupu. Sketi haipimi mimba. Kuanzia wiki ya 24 tunapima kwa futi ya kamba kutoka kinena hadi kilele cha kizazi: sentimita zikaribiane na wiki, tofauti isizidi mbili au tatu. Pungufu ya hapo tunaanza kuuliza maswali.

Mimba ya mgongoni haipo. Kuna wanawake ambao kizazi chao kimeinamia nyuma, jambo la kawaida tu, na mimba ikikua kinajinyoosha chenyewe, mara nyingi kabla ya wiki ya 14. Hakuna cha kuvuta kwa mikono.

Sasa huyo bibi. Wateja wake ni nyie, wa wiki ya 17, 18, 19. Anakanda, anatoa chupa, anasema subiri wiki mbili. Wiki mbili zikipita ni wiki ya 20, mtoto anacheza, na bibi anapata sifa mtaa mzima. Aliyefanya kazi ni kalenda. Ingekuwa chupa ya maji matupu nisingehangaika naye, lakini baadhi ya dawa hizi hubana kizazi, na hakuna anayejua kiasi kilichomo. Kwa mimba changa hiyo ni njia ya kuharibu mimba. Kwa mimba kubwa kizazi kinaweza kupasuka. Kukanda nako kunaweza kubandua kondo, na damu ikabaki ndani bila wewe kuona hata tone.

Kinachoniudhi zaidi ni lile neno "amelala". Analitibu wiki ya 18, wakati mtoto hana tatizo, halafu wiki ya 35 mama anakuja kulalamika kwamba mtoto ametulia tangu jana, anaambiwa na watu wale wale: "Amelala, anajiandaa kutoka, nafasi imekuwa finyu." Si kweli. Mtoto tumboni hulala dakika 20 hadi 40, na kwa nadra hupita dakika 90. Mwisho wa mimba mateke hugeuka kuwa kusukuma na kujiviringisha, lakini hayapungui, hata siku ya uchungu. Mtoto anayepunguza kucheza huenda anapungukiwa hewa, na anatumia kidogo alichonacho kuulinda moyo na ubongo. Tunaletewa akina mama waliokaa siku mbili wakinywa soda baridi ili mtoto ashtuke.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya 28 ujue mwanao huchangamka saa ngapi. Wengi ni jioni na usiku. Ukiona amepungua, kojoa, lala kwa ubavu wa kushoto, weka simu mbali na TV izimwe, hesabu kila anapojigeuza au kusukuma. Kwikwi usihesabu. Asipofikisha mara 10 ndani ya saa mbili, ondoka uende hospitali muda huo huo, hata kama ni saa nane usiku. Kama hachezi kabisa, au unaishi mbali, tuseme kijiji cha ndani huko Bahi au Chemba, usikae kuhesabu; anza safari. Damu au maji yakitoka, vilevile.

Programu za simu zinazodai kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto zifute. Hata dopla halisi, kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, ikishikwa na asiyejua huokota mshipa wa mama, akafurahia mapigo yake mwenyewe.

Ukifika hospitali, usiseme "najisikia vibaya". Sema, kwa mfano: "Nina wiki 35, mtoto amepunguza kucheza tangu saa kumi jioni." Wakikwambia urudi siku ya kliniki, omba kwa upole mapigo ya mtoto yasikilizwe kwanza, na idadi yake kwa dakika iandikwe kwenye kadi kabla hujatoka mlangoni. Kawaida ni kati ya 110 na 160. Na mapigo yakiwa mazuri lakini mtoto bado amenyamaza, waulize altrasaundi inafanyika wapi siku hiyo hiyo.