Maswali na majibu: Moto wa Gwyn, deni la Anaximander, na lile pango mnalonichosha nalo

Maswali yamejaa tena, nusu ni Dark Souls, ile gemu ya Kijapani, na nashukuru, nusu nyingine ni Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na hapo ndo kichwa kinaanza kuuma. Kama humjui Gwyn, mfalme wa jua wa gemu hiyo, nenda kacheze kwanza, hapa sianzi na a e i o u.

Lordran, ile nchi ya Dark Souls, si ndo lile pango la Plato? (Mbale, Ntinda, Arua, na wengine ambao hata salamu hamkuweka)

Hapana. Jamani nishalijibu hili mpaka basi. Gemu ikiwa na giza kidogo tu mtu anakimbilia pango. Kwa Plato wafungwa wanatazama vivuli ukutani, mmoja anafunguliwa anatoka nje analiona jua, na jua pale ndo mfano wa Wema wenyewe, kitu cha kweli kuliko vyote. Sasa wewe nenda Anor Londo, mji wa miungu kwenye gemu. Unakuta jua la jioni, dhahabu tupu, ngazi zinang'aa, ndani kabisa kuna Gwynevere, jimama kubwa limejilaza, anakupa chombo na maneno matamu. Mtandike mshale mmoja tu. Anayeyuka, jua linazimika, mji wote giza, kumbe ni kiinimacho cha Gwyndolin kitindamimba wa Gwyn, baba keshaondoka zamani. Yaani hapa jua lenyewe ndo kivuli cha ukutani! Ukiniambia gemu imempindua Plato kichwa chini nitakaa nikusikilize, ila ukiniambia "ni pango" nafuta meseji.

Heraclitus alisema ulimwengu ni moto, Dark Souls nayo ni moto. Si kitu kimoja, kaka? (mwanafunzi, Makerere)

Swali zuri mdogo wangu ila umeona neno moto ukasimama hapo hapo. Heraclitus, mwanafalsafa wa Efeso, huo huo mji wa ile barua ya Paulo, alisema ulimwengu huu hakuna mungu wala mtu aliyeuumba, ulikuwepo, upo na utakuwepo, moto unaoishi daima, unawaka kwa kipimo na kuzima kwa kipimo. Umeona? Daima. Kwake hakuna "kabla ya moto". Gemu yenyewe inaanza na kabla ya moto: ukungu, kijivu, miti mikubwa na madragoni yasiyokufa, halafu ndo moto unatokea na kuja na tofauti, joto na baridi, uhai na kifo, mwanga na giza.

Hiyo ni ya Anaximander, mwanafalsafa wa Mileto, karne ya 6 kabla ya Kristo. Huyu alisema mwanzo ni kitu kisicho na mpaka, si maji si moto, na kutoka humo vikajitenga vinyume, moto na baridi, kikavu na kimajimaji. Kisha akasema jambo ambalo kila nikicheza nalikumbuka: vitu vinalipana fidia kwa dhuluma vilivyotendeana, kwa utaratibu wa muda. Kiangazi kinakula haki ya masika, masika inakuja kudai, kila mmoja na zamu yake. Sasa mtazame Gwyn. Amepata roho yake motoni, amewafyeka madragoni, ametawala enzi nzima, moto unaanza kufifia, yaani zamu imefika. Anafanya nini? Anaenda kujichoma mwenyewe ili zamu isiishe. Watu wanaita hiyo kujitoa mhanga, mimi naita kukataa kulipa deni, na wafu wanaotembea kote Lordran ndo riba.

Ila usinibebe mzima mzima. Kwa Anaximander vinyume vinatoka ndani ya kile cha mwanzo, kwenye gemu hakuna anayetuambia moto umetoka wapi, na kile kijivu kina madragoni tayari, sio kitu kitupu kisicho na umbo. Kwenye insha yako anzia hapo pasipofanana, ndo utapata cha kusema.

Miyazaki, aliyeongoza kuitengeneza Dark Souls, alimsoma Heraclitus au? (Jinja)

Sidai hivyo na wewe usidai. Amesimulia mwenyewe kwamba utotoni alikua anasoma vitabu ambavyo havielewi vyote, anajaza mapengo kwa akili yake. Kufanana sio ushahidi ssebo.

Dunia kuisha kwa moto kama walivyosema Wastoa, si ndo Dark Souls III? (Masaka)

Kinyume chake! Kwa Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, dunia inaisha kwa kuungua yote, kwenye gemu inaisha kwa moto kuzima. Wastoa watafute pale unapomaliza gemu na kuianza upya, maana wengine wao waliamini kila kitu kinarudi vilevile, hata Socrates na marafiki zake.

Nimetazama vidio ya stori masaa manne, inatosha? (Wandegeya)

Hapana. Soma maelezo ya pete na panga ulizookota, ndo maandiko yenyewe hayo. Bando lako lingenunua chapati.

Kwenye gemu ya Skyrim ati jua ni tundu. Nani alitunga upuuzi huu? (Gulu)

Polepole na upuuzi. Kwenye hadithi za hiyo gemu mungu Magnus ndo alichora ramani ya dunia, akaona gharama yake akakimbia, akatoboa anga, mwanga wa Aetherius, ulimwengu wa uchawi, ukapenya, nyota ni matundu ya waliomfuata. Na Anaximander wangu yule yule alisema jua ni tundu kwenye gurudumu la moto lililofunikwa na ukungu, moto unapumua hapo kama kwenye mdomo wa mvukuto wa mhunzi, tundu likiziba ndo kupatwa kwa jua. Tofauti ni kwamba kwake hakuna aliyekimbia, ni gurudumu tu linazunguka.

Walumbe na Nito si mtu mmoja? (dada wa Mityana, karibu na mashimo ya Ttanda)

Dada, hapana bambi. Nito ni yule wa kwanza wa wafu kwenye Dark Souls. Kwenye moto wa gemu kifo kinazaliwa sekunde moja na uhai, hakuna wa kulaumiwa. Kwetu Buganda Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi walionywa wasirudi nyuma, Nambi akarudia ulezi wa kuku, Walumbe kaka yake, ndiye Kifo, akawafuata. Hapo kuna kosa, kuna ndugu, kuna Kayikuzi, kaka mwingine, anamfukuza mpaka ardhini. Okot p'Bitek, yule mwandishi wetu wa Uganda, aligombana sana na wasomi waliovalisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki, sasa nyinyi mnataka kuivalisha kanzu ya Kijapani juu yake.

Haya magemu si ushetani? (Kasese)

Hapana.

Niko mbele ya moto wa mwisho. Niuwashe au niondoke? (Mbarara)

Mimi niliondoka, Anaximander angeondoka pia. Lakini Kaathe, yule nyoka wa kwenye gemu anayekushauri hivyo, muulize New Londo iko wapi, mji uliofurikishwa maji na watu wake ndani baada ya wafalme wake wanne kumsikiliza.