Jibu: Darasa la kwanza lina watoto 90, wanaimba silabi lakini hawasomi

Mwalimu, umeuliza mambo matatu: umepangiwa darasa la kwanza Kigoma vijijini lenye watoto 90, wanaimba "ba be bi bo bu" vizuri lakini ukigusa silabi moja ubaoni wanakwama, kwenye hesabu wanaandika 103 badala ya 13, na vifaa hakuna. Najibu kwa urefu, na naanza na kusoma. Darasa likijibu kwa pamoja, mwalimu hasikii mtoto yeyote. Watoto 20 wanaojua huwabeba 70 wasiojua, na siku inaisha kila mtu akiwa na furaha.

Anza na kipimo. Andika silabi za b ubaoni bila mpangilio: bu, ba, bo, bi, be. Gusa moja, ita jina la mtoto, subiri. Wengi watapanda kimoyomoyo kuanzia "ba" mpaka wafike uliyoigusa. Hapo ujue wameshika wimbo, herufi bado. Wimbo usiufute, uutumie kubadilisha kipindi au kuwaamsha baada ya mapumziko, lakini usiuhesabu kuwa ni kusoma.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Kwa darasa kubwa nashauri ukigawe hivi: dakika 5 za marudio kwa silabi zilizochanganywa, dakika 8 za silabi mpya, dakika 12 za kazi ya vikundi, na zinazobaki za kuandika. Wakati wa vikundi usizunguke darasa zima. Kaa na kikundi kimoja cha watoto 9, kila mmoja akusomee kadi 4 au 5 peke yake kwa dakika moja. Ukifanya hivyo vipindi viwili kwa siku umesikia watoto 18, na kwa siku 5 umewasikia wote 90. Weka daftari dogo: alama ya vema kwa anayesoma, nukta kwa anayesitasita, mstari kwa asiyejua. Daftari hilo ndilo litakuongoza kuandika andalio la somo (mpango wa kila kipindi) la wiki inayofuata, kuliko azimio la kazi (mpango wa muhula au mwaka) uliloandika Januari kabla hujawajua watoto.

Silabi mpya iingie kwa sikio kwanza. Ukifundisha "ku", waulize vitu vinavyoanza hivyo: kuku, kuni, kumi. Wapige makofi kwa kila silabi. Kisha onyesha kadi. Kisha waandike hewani, halafu kwa kidole juu ya dawati au ardhini, na mwisho kabisa ndipo daftari. Taja sauti ya herufi, usitaje jina lake. Mtoto aliyezoea kusema "em" akikutana na "ma" atasoma "ema", na kosa hilo hung'ang'ania.

Mpangilio wa alfabeti usikufunge. Ukishamaliza irabu, chukua m, b, k, t na l. Hizo zinakupa silabi 25, na kutoka hapo mtoto anaunda mama, baba, kaka, kuku, bata, kobe, kiti, meli, boti. Watoto wa kando ya Ziwa Tanganyika wanazijua meli na boti kwa macho, kwa hiyo wakisoma neno hilo unaona uso umebadilika. Hapo ndipo kusoma kunaanza kuwa na maana kwao.

Kadi zitengeneze kwa maboksi ya sabuni au biskuti, ukubwa wa sentimita 7 kwa 5, herufi ndogo, maka peni nyeusi. Anza na silabi 10, kila moja kadi mbili (bila mbili huwezi kuunda "mama"), yaani kadi 20 kwa kikundi. Kwa vikundi 10 ni kadi 200. Ukisaidiwa na watoto wa darasa la sita kukata, ni kazi ya mchana mmoja. Piga mstari chini ya kila silabi. Bila mstari huo mtoto hugeuza kadi kichwa chini, na m inakuwa w, n inakuwa u, d inakuwa p. Nyuma andika namba ya kikundi, vinginevyo ndani ya wiki kadi zote zitakuwa zimechanganyika.

Sasa jambo ambalo wageni wa huku hawaambiwi. Mtoto wa Kiha nyumbani anasema "umuntu", wa Kinyamwezi anasema "munhu". Akikutana na "mtu" atasoma "mutu" na kuandika hivyo hivyo, kwa sababu sikio lake linadai irabu baada ya m. Kumkemea hakusaidii. Mwambie afumbe midomo, m isikike ikiwa imefungwa, apige kofi; kisha "tu", kofi la pili. Makofi mawili: m-tu, m-ti, m-to. Fanya hivyo kwa mdomo siku kadhaa kabla ya kuyaandika maneno hayo.

Walio Tabora wana la ziada, l na r. Mtoto akisoma "rudi" akatamka "ludi" huku anaonyesha neno sahihi, amesoma. Mpe alama yake. Matamshi yafanyie mchezo wa pembeni: kula na kura, mahali na mahari, wainue mkono wakisikia ulimi unatetemeka. Mwalimu anayemkatisha mtoto kila mstari kwa ajili ya r humfanya aache kusoma kwa sauti kabisa, na ukimya huo ni mgumu kuuondoa.

Kwenye mwandiko kosa kubwa ni kuwapa ukurasa mzima wa herufi moja. Tazama daftari lolote: mstari wa kwanza mtoto ananakili ubao, wa pili ananakili wa kwanza, na kufika wa sita ananakili makosa yake mwenyewe. Mistari 3 inatosha, huku akitamka sauti kila anapoandika. Usifundishe b na d wiki moja. Zipe mianzo tofauti: b inaanza na mti kushuka kisha tumbo, d inaanza na tumbo kisha mti. Wa mkono wa kushoto mwache atumie huo huo, ila mkalishe ncha ya kushoto ya dawati ili viwiko visigongane.

Hesabu. Kuandika 103 si ujinga. Mtoto ameandika alichosikia, kumi halafu tatu. Tengeneza kadi ya 10 yenye upana mara mbili ya kadi za 1 hadi 9. Achukue 10, aweke 3 juu ya sifuri. Aone 13, ainue 3 aone sifuri bado ipo chini. Sambamba na hilo awe na vijiti: fungu moja la kumi na vitatu vya pembeni. Vijiti 20 kwa kila mtoto, urefu wa kidole, ncha zisizochoma. Pete za kufungia kata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Fundi yeyote atakupa bure. "Kumi na tatu" lugha yenyewe inamsaidia, lakini "ishirini" na "thelathini" hazisemi kuna makumi mangapi, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo wasome "makumi mawili, ishirini" pamoja.

Maharage na punje za mahindi usiwape watoto hawa kuwa vihesabio. Huingia puani na masikioni, na haragwe likipata unyevu huvimba. Vizibo vya soda vinafaa, ila kwanza ponda kingo kwa jiwe.

Na mvua. Muhula unaanza Januari, mvua ikiwa bado inapiga bati, na hapo hata ukipaza sauti husikiki. Weka tayari kazi za kimya: kuoanisha kadi na picha, kupanga vijiti kwa mafungu, mistari 3 ya mwandiko. Mvua ikianza, nyoosha mkono kwenye kopo la kadi na wao wajue la kufanya.

Mb, nd na ng' ziache mpaka daftari lako lionyeshe vema kwa silabi hizo 25 kwa walau watoto 60. Ukifika hapo andika tena hapa, zina utaratibu wake.