Solar inazima saa nne usiku, satelaiti zinawezaje?

Mdogo wangu wa Kasulu nimekuelewa, betri ina mwaka mmoja tu na saa nne usiku giza, halafu unajiuliza satelaiti zinakaaje miaka huko juu bila fundi. Kule jua ni kali, kama wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, hakuna wingu wala vumbi, na paneli nyingi zinageuzwa zilifuate jua. Lakini nazo zina usiku bwana, zile za chini zinazunguka dunia kwa dakika kama 90 na nusu saa hivi ziko kivulini zinakula betri. Ujanja ni kwamba betri haikamuliwi mpaka mwisho, inaliwa kidogo inachajiwa tena.

Sasa wewe betri ya maji unaangalia nayo tivii mpaka inakata! Mimi hapa Ujiji niliua mbili hivyohivyo kabla sijashika adabu. Usishushe chaji chini ya nusu, paneli ifute vumbi la kiangazi na uiinamishe kidogo kuelekea kaskazini, si tuko kusini mwa ikweta. Ila betri ikivimba au ikinuka mayai viza usiiguse, toa watoto chumbani, fungua madirisha, ita fundi.